Mpangilio Wenye Jina: Jinsi Seva Zilivyozoea Kubadilishwa Kutoka Mbali

Fundi anayesimamia mamia ya seva leo anaweza, akiwa mji mwingine kabisa, kuziagiza zote zibadili namna zinavyotumia umeme, zianze na diski ipi zinapowaka, au kama kila kiini cha prosesa kifanye kazi kama viwili, na wakati huohuo seva zenyewe zikaendelea kuwahudumia watu bila kukatika. Anachogusa si programu ya kawaida. Anagusa programu dhibiti, ile inayoamka kwanza umeme unapoingia, ikapima kumbukumbu, ikatambua vifaa, kisha ikaikabidhi mashine kwa mfumo endeshi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba uwezo huu umeletwa na mtandao: kebo zimekuwa na kasi, watengenezaji wakaweka kompyuta ndogo ya usimamizi ndani ya kila seva, na umbali ukakoma kuwa kikwazo. Maelezo hayo hayanitoshi. Ukiifuata historia ya jambo hili tangu miaka ya 1960, utakuta kwamba njia ya kuifikia mipangilio ilikuwa wazi muda mrefu kabla watu hawajaweza kuitumia. Kilichokosekana kilikuwa majina. Mpangilio uliokuwa swichi, au baiti isiyojulikana maana yake, au mstari kwenye skrini ya buluu, haukuweza kutumwa popote. Ulipopata jina linaloandikika na thamani inayosomeka, ndipo ulipoweza kusafiri.

Tuanze na mashine ambazo hazikuwa na cha kusafirisha. Kompyuta ya PDP-8, iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1965, ilikuwa na safu ya swichi mbele yake, na mwendeshaji aliweza kuingiza kwa vidole, neno moja baada ya jingine, programu fupi ya kuiamsha mashine. IBM PC ya Agosti 1981 ilikuwa na programu dhibiti yake, iitwayo BIOS, ndani ya chipu isiyofutika, lakini mipangilio yenyewe ilikaa kwenye swichi ndogo zilizopachikwa juu ya ubao mkuu: nyingine kwa kiasi cha kumbukumbu, nyingine kwa idadi ya diski, nyingine kwa aina ya skrini. Aliyeongeza kumbukumbu alizima mashine, akafungua kifuniko, akasogeza swichi kwa ncha ya kalamu. Hapa neno mipangilio lilimaanisha mahali pa kipande cha plastiki. Hakuna kebo, hata iwe ya kasi gani, ambayo ingeweza kuisogeza.

Mwaka 1984 IBM ikatoa PC AT, na jambo kubwa likatokea ambalo halikupewa uzito lilioustahili. Ndani ya AT mlikuwa na chipu ya saa ya Motorola, MC146818, iliyokuwa na baiti 64 za kumbukumbu zilizolindwa na betri. Saa yenyewe ilitumia 14; zile 50 zilizobaki wahandisi wa IBM wakazifanya hifadhi ya mipangilio, na nyingi kati ya zile swichi zikaondoka. Baiti hizo zilifikiwa kupitia milango miwili ya ndani, wa 70 na wa 71 kwa hesabu ya kumi na sita, na milango hiyo haikuwa na kufuli. Programu yoyote iliyoendeshwa chini ya mfumo endeshi wa DOS iliweza kuandika humo mashine ikiwa inafanya kazi, bila kuizima na bila disketi maalumu ya mipangilio ambayo IBM iliitoa pamoja nayo. Kwa maana ya kimitambo, basi, kubadili mpangilio wa programu dhibiti bila kuwasha upya kuliwezekana tangu 1984. Mbona basi haikuwa desturi?

Jibu liko katika maana ya zile baiti. IBM ilichapisha katika mwongozo wake wa kiufundi kazi ya baiti za mwanzo, lakini watengenezaji wengine walipoingia sokoni kila mmoja alizipanga zilizosalia apendavyo. Phoenix, AMI na Award, waliouza BIOS kwa viwanda vingi, hawakuwa na sababu ya kukubaliana kwamba biti fulani ya baiti fulani ihusu kasi ya kumbukumbu. Hata matoleo mawili ya BIOS ya mtengenezaji mmoja yaliweza kutofautiana. Zaidi ya hapo kulikuwa na jumla ya ukaguzi: ukibadili baiti moja bila kuirekebisha jumla hiyo, programu dhibiti ingeona hitilafu mashine ikiwashwa tena, ikalalamika na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, lakini aliyeingia alikuta chumba chenye giza. Watengenezaji wakachagua suluhisho lililowafaa wao: wakaiweka skrini ya mipangilio, ile ya buluu, ndani ya BIOS yenyewe, ikifunguliwa kwa kubonyeza Delete au F2 katika sekunde chache za mwanzo. Majina yakawepo, lakini yalichorwa tu kwenye skrini hiyo, kwa macho ya mtu aliyeketi mbele yake, na mashine ikiwa haifanyi kazi nyingine yoyote.

Wakati huo kampuni ya Sun Microsystems ilikuwa imechukua njia nyingine. SPARCstation 1 ilitoka mwaka 1989 ikiwa na OpenBoot, programu dhibiti iliyobuniwa na Mitch Bradley kwa lugha ya Forth. Mipangilio yake ilikaa kwenye kumbukumbu inayodumu, kama ile ya AT, lakini kila mmoja ulikuwa na jina kamili: boot-device, auto-boot?, output-device na mengineyo. Na Sun ilifanya lililo muhimu zaidi: ndani ya mfumo endeshi wake wa Unix kulikuwa na amri iitwayo eeprom, ambayo msimamizi aliitumia kusoma na kuandika majina yaleyale wakati mashine inaendelea na kazi zake. Kwa kuwa Unix iliruhusu kuingia kutoka kompyuta nyingine, aliyekuwa mbali aliweza kuandika eeprom, jina, alama ya usawa na thamani, na kazi ikaisha. Thamani mpya ingetumika mashine itakapowaka tena, siku yoyote iliyopangwa. Kibodi isipokuwepo, OpenBoot haikusimama kulalamika. Ilihamia kwenye waya wa maandishi, na mashine ikawa inazungumza kupitia huko. Muundo huo ukawa kiwango rasmi cha IEEE namba 1275 mwaka 1994, na Apple ikautumia katika Power Macintosh zake za miaka iliyofuata.

Nimesimama kwenye jambo hili la Sun kwa makusudi, kwa sababu linavunja maelezo ya kwamba mtandao wa kasi ndio ulioleta uwezo huu. Mtandao wa mwaka 1989 ulikuwa dhaifu mno, na ndani ya SPARCstation hamkuwa na kompyuta ndogo ya usimamizi. Kulikuwa na orodha ya majina na amri moja ya kuyafikia. Hilo lilitosha.

Kwa bahati mbaya soko la seva halikwenda na Sun. Compaq ilitoa SystemPro mwishoni mwa 1989, seva iliyojengwa kwa prosesa za Intel na urithi wote wa PC, na katika miaka kumi iliyofuata mashine za ukoo huo zikajaa vyumba vya seva kwa sababu ya bei. Zilikuja na tabia za PC ya mezani: skrini ya buluu, kibodi, na BIOS inayodhani kwamba mbele yake daima yuko mtu. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, katika kituo cha NASA cha Goddard, waliunganisha PC 16 kufanya hesabu moja kubwa, wakaiita klasta hiyo Beowulf. Wazo lilienea haraka. Maabara nyingi zikaanza kununua PC kwa mamia. Hapo ndipo ile dhana ya mtu aliyeketi mbele ya skrini ikawa mzigo. Mashine ikikosa kibodi, BIOS husimama na kungoja ubonyeze ufunguo kwenye kibodi isiyokuwepo. Ukitaka kubadili mpangilio mmoja kwenye mashine 500, unasukuma mkokoteni wenye skrini na kibodi kutoka rafu hadi rafu.

Adha hiyo ndiyo iliyomsukuma Ron Minnich, katika maabara ya Los Alamos, kuanzisha mradi wa LinuxBIOS mwaka 1999, ambao tangu 2008 unaitwa coreboot. Mradi huu hukumbukwa zaidi kwa kuiondoa BIOS ya siri na kuweka iliyo wazi. Kwangu mimi sehemu ndogo ya mradi ina ushahidi mkubwa zaidi: faili linaloeleza, kwa kila mpangilio, biti inayoanzia, urefu wake na jina lake. Chombo kilichoandikwa katika maabara ya Lawrence Livermore kilisoma maelezo hayo kutoka ndani ya mfumo endeshi wa Linux unaofanya kazi na kumwezesha msimamizi kuweka thamani kwa jina, kikirekebisha chenyewe ile jumla ya ukaguzi. Kumbukumbu iliyoandikwa ilikuwa ya ukoo uleule wa chipu ya 1984, na milango ni ileile ya 70 na 71. Chuma hakikuongezewa chochote. Kilichoongezwa ni jedwali la majina, na mashine mia zikaweza kubadilishwa kwa amri moja.

Hapa msomaji anayeijua kazi hii atapinga, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema kwamba wengi hawakuwahi kutumia Sun wala LinuxBIOS. Kwa seva za kawaida kilicholeta mageuzi ni kompyuta ndogo ya usimamizi, yenye prosesa yake na mlango wake wa mtandao, inayobaki macho hata seva ikiwa imezimwa. Ni kweli kwamba Compaq iliuza kadi za namna hiyo tangu miaka ya 1990, na kwamba mwaka 1998 Intel, HP, NEC na Dell walitoa kiwango cha pamoja, IPMI, kilichopanuliwa mwaka 2001 kupita kwenye mtandao na tena mwaka 2004 kubeba skrini ya maandishi na usimbaji. Lakini tazama IPMI iliwezesha nini na haikuwezesha nini. Iliwezesha kuwasha na kuzima umeme, kusoma joto na kasi ya feni, na kupitia kumbukumbu za hitilafu. Kuhusu mipangilio ya BIOS, ilitaja michache tu, na ulio mashuhuri ni kifaa ambacho seva ianzie safari ijayo: diski, CD au mtandao. Na ni huohuo, wenye jina katika kiwango, uliotumiwa kwa maelfu ya mashine mara moja. Kazi nzima ya kusakinisha seva kwa wingi kupitia mtandao ilijengwa juu yake. Mipangilio mingine yote, ambayo haikutajwa, ilibaki ndani ya skrini ya buluu. Mafundi waliipeleka skrini hiyo mbali kupitia waya wa maandishi au picha iliyosafirishwa, wakaandika programu za kubonyeza mshale wa chini mara kadhaa, kisha Enter, kisha F10, wakiomba mtengenezaji asiongeze mstari mpya katika toleo lijalo. Na kila mara seva ilibidi izimwe ili skrini hiyo ionekane. Kompyuta ya usimamizi ilikuwepo, mtandao ulikuwepo, na bado kazi ilikuwa ya kutembelea mashine, ila sasa kwa macho badala ya miguu.

Afrika Mashariki ilikuwa na sababu yake ya kuihisi tofauti hii. Kabla ya kebo ya SEACOM kuwashwa Julai 2009, mawasiliano ya kanda hii na dunia yalipita kwa wingi kwenye setilaiti zilizo umbali wa takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, na ujumbe kwenda na jibu kurudi vilichukua nusu sekunde au zaidi. Kuifuata skrini ya BIOS kupitia njia hiyo, ukiwa na sekunde chache za kubonyeza F2, ni kazi ya kubahatisha. Jina na thamani ni herufi chache zisizojali kuchelewa. Njia dhaifu inaumiza picha. Maandishi mafupi hupita.

Watengenezaji hatimaye walijibu, kila mmoja kwa chombo chake. HP ilikuwa na conrep, IBM ikawa na ASU, Dell ikawa na syscfg, vyote vikiendeshwa ndani ya mfumo endeshi unaofanya kazi, vikitoa mipangilio ya seva moja katika faili la maandishi na kuiingiza kwenye nyingine. Chini yake programu dhibiti yenyewe ilikuwa inabadilika. Intel ilianzisha EFI mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya seva za Itanium. Mwaka 2005 ikakabidhiwa kwa jukwaa la makampuni mengi, na jina likawa UEFI. Ndani yake kuna huduma rasmi ambayo mfumo endeshi unaweza kuiita ili kusoma au kuandika kigezo kwa jina lake. Kisha Agosti 2015 shirika la viwango la DMTF likatoa Redfish, kiwango kinachoieleza seva kama kurasa za maandishi zinazofikiwa kwa itifaki ileile ya tovuti. Katika nyongeza zilizofuata mipangilio ya BIOS ilipata ukurasa wake, pamoja na sajili inayoorodhesha kila jina, thamani zinazokubalika, na kama badiliko linahitaji kuwasha upya.

Kuna jambo katika muundo wa Redfish linalostahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu linajibu swali ambalo huenda limekuwa likimsumbua msomaji tangu mwanzo. Mipangilio ina kurasa mbili. Mmoja unaonyesha hali ilivyo sasa na hauandikwi. Wa pili unaandikwa, nao unaonyesha hali itakayokuwa. Anayetuma badiliko anaandika kwenye ukurasa wa pili, seva ikiendelea na kazi, na anaweza kutaja wakati wa kulitekeleza: mara moja pale inapowezekana, mashine ikiwashwa upya, au katika saa za matengenezo zilizopangwa. Kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo huo endeshi, ilipopata njia yake ya pamoja ya kufikia mipangilio hii, katika toleo 5.11 la mwaka 2021, iliweka nayo faili dogo lisemalo kama kuna badiliko linalongoja kuwashwa upya.

Pingamizi la pili linatoka hapo. Kama badiliko lenyewe linangoja, je, tunadanganyana tukisema tumebadili bila kuwasha upya? Tumeandika tu barua itakayosomwa kesho. Nalikubali pingamizi hili kwa sehemu, na ni vizuri kueleza kwa nini kuwasha upya hakukwepeki kwa mipangilio mingi. Mapema katika kuamka kwake, kabla ya kumbukumbu kuu kutumika, programu dhibiti hupima nyakati za mawimbi kati ya prosesa na kila kadi ya kumbukumbu. Kuubadili mpangilio wa kasi ya kumbukumbu wakati mfumo endeshi wenyewe umelala ndani ya kumbukumbu hiyo ni kung'oa msingi wa nyumba yenye watu. Mipangilio mingine imefungwa kwa kufuli la makusudi. Prosesa za Intel zina rejista inayoamua kama uwezo wa kuendesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigwa na programu ndani ya seva moja, unaruhusiwa. Programu dhibiti huiandika mwanzoni kisha huiwekea biti ya kufunga, na tangu hapo hakuna programu inayoweza kuigeuza mpaka prosesa ianzishwe upya. Kufuli hilo linalinda jambo la maana: hatua ya kuamka ndiyo wakati pekee ambapo tunajua ni programu gani inashika mashine, kabla ya programu za watumiaji, zikiwemo mbovu, kuingia.

Hata hivyo, kutenganisha kuamua na kutekeleza si jambo dogo. Kwa skrini ya buluu vitendo hivyo viwili vilikuwa kimoja: huwezi kuamua bila kuzima. Seva kubwa yenye kumbukumbu nyingi huchukua dakika kadhaa kuwaka, na kwa mtindo wa zamani dakika hizo zilitumika mara mbili, kuingia kwenye skrini na kutoka. Mipangilio inapoandikwa mapema, makosa ya tahajia na thamani zisizokubalika hugunduliwa na sajili kabla mtu yeyote hajakatiwa huduma, mabadiliko kumi hutekelezwa katika uwashaji mmoja, na uwashaji huo huwekwa saa inayofaa. Tangu 2003, VMware ilipotoa uwezo wa kuhamisha mashine pepe kutoka seva moja hadi nyingine zikiwa hai, seva inaweza kuondolewa wageni wake wote kwanza, ikawaka upya ikiwa tupu, kisha ikawapokea tena. Mtumiaji haoni kitu. Kwa yule anayehudumiwa, hilo ndilo linalohesabika.

Na ipo mipangilio iliyouvuka kabisa mpaka huu wa kuwasha upya. Agosti 2018 ilitangazwa dosari ya prosesa za Intel iitwayo L1TF, ambayo kinga yake kamili, kwa wenye kuendesha mashine pepe za watu wasioaminiana, ilihitaji kuzima ule uwezo wa kiini kimoja kufanya kazi kama viwili. Hadi wakati huo njia ya kawaida ya kuuzima ilikuwa BIOS. Kerneli ya Linux ikaongezewa faili moja lenye jina dhahiri. Andika humo neno la kuzima, na ndani ya muda mfupi viini vya pili vinatoka kazini, mashine ikiwa hai. Mpangilio ulihama kutoka programu dhibiti kwenda mfumo endeshi. Hali kama hiyo imeipata mipangilio ya kasi ya ziada ya prosesa na kikomo cha umeme. Upande wa kompyuta kubwa za IBM habari hii ni ya zamani zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfumo endeshi wa MVS/ESA uliruhusu kuongeza na kuondoa njia za kuunganisha vifaa bila kuanzisha mfumo upya, kwa sababu muunganiko wote ulikuwa umeandikwa katika faili la maelezo ambalo mfumo uliweza kulilinganisha na hali iliyopo na kutekeleza tofauti. Huko nako jina lilitangulia.

Pingamizi la tatu ni la usalama, nalo ndilo zito kuliko yote. Swichi iliyo chini ya kifuniko haiwezi kusogezwa na mdukuzi aliye bara jingine. Kwa kuipa mipangilio majina na anwani, hatujaikabidhi kwa maadui? Historia inatoa mifano ya kutisha. Kirusi cha CIH, kilichoandikwa Taiwan mwaka 1998, kililipuka tarehe 26 Aprili 1999 na kufuta BIOS za kompyuta nyingi zilizoruhusu chipu hiyo kuandikwa. Mwanzoni mwa 2016 ilidhihirika kwamba amri ya kawaida ya kufuta mafaili yote katika Linux iliweza kufuta pia vigezo vya UEFI, na baadhi ya kompyuta mpakato hazikuwaka tena. Mwaka 2017 ikatangazwa dosari katika iLO 4, kompyuta ya usimamizi ya HPE: herufi A 29 katika sehemu moja ya ombi la mtandao zilitosha kuupita ukaguzi wa nenosiri.

Siyapuuzi hayo, lakini nayasoma tofauti. CIH hakikuhitaji jina lolote; kilimwaga takataka juu ya chipu nzima, na kiliweza kwa sababu mlango ulikuwa wazi bila mlinzi, kama ile milango ya 70 na 71. Dosari ya iLO ilikuwa ya mlango na nenosiri, na aliyeingia humo angeweza kuzima seva au kuipachikia diski yake hata kama mipangilio ya BIOS isingekuwa na majina. Mfano wa 2016 unafundisha zaidi, kwa namna ulivyotibiwa. Watunzaji wa kerneli hawakufunga uandishi wote. Waliviwekea vigezo vyote alama ya kutobadilika kama hali ya kawaida, kisha wakaorodhesha kwa majina vile vya kiwango, ambavyo maana yake inajulikana na kuvifuta hakuui mashine, wakaviacha wazi. Kinga iliwezekana kwa kuwa vigezo vilikuwa na majina ya kutenganisha cha hatari na kisicho cha hatari. Ndivyo ilivyo pia kwa msimamizi: mpangilio unaosomeka kutoka mbali unaweza kulinganishwa kila usiku na ulivyotakiwa kuwa, na aliyeubadili kwa siri akabainika asubuhi. Ule uliojificha kwenye skrini ya buluu hukaguliwa siku mashine inapozimwa, ambayo inaweza isifike kwa miaka mitatu.

Kazi inaendelea, na inaendelea bila kulingana. Katika toleo 5.17 la Linux, Machi 2022, iliingia njia iliyobuniwa na Intel ya kubadilisha vipande vya programu dhibiti yenyewe, si mipangilio tu, seva ikiwa hai, kwa ajili ya wale wenye seva nyingi wasioweza kuzizima kila mara kiraka kinapotoka. Lakini kwenye majina, mahali ambapo naona historia yote hii imeelemea, makubaliano bado nusu. Redfish imesawazisha bahasha: namna ya kuuliza, namna ya kuandika, ukurasa wa sasa na ukurasa wa kesho. Majina ya mipangilio yaliyo ndani imewaachia watengenezaji. Ule uwezo wa kiini kimoja kufanya kazi kama viwili, Dell inauita LogicalProc na HPE inauita ProcHyperthreading, na thamani zake nazo hutofautiana. Mwenye seva za kampuni zote mbili anaandika jedwali lake la kutafsiri, analitunza, na kulirekebisha kila toleo jipya linapotoka, kazi ileile waliyoifanya watu wa Los Alamos na Livermore kwa baiti za chipu ya saa.